Nguo ya Mstari wa Mbele

Jamani, nimeingia nyumbani sasa hivi, miguu imevimba, hata viatu sijavua, lakini nisipoisema habari hii leo nitapasuka. Nimetoka kwenye mauzo ya stoo na mama yangu. Mama yangu mimi! Mtu ambaye akienda kununua soksi anamwomba radhi muuzaji kwa kumsumbua.

Nianze vizuri. Dada yangu Roselien anaolewa kesho. Anaolewa na Thibaut, kijana mpole, mrefu, anatafuna kalamu, sina neno naye. Neno ninalo na mama yake. Solange. Anakaa Schilde, kwenye nyumba yenye miti mingi mpaka nyumba yenyewe huioni, na kila siku ya Mungu amevaa nguo za mbunifu Reinhilde Stoops kuanzia kola hadi kisigino. Na duka la Reinhilde Stoops hapa mjini mnalijua lilivyo: dirisha kubwa, ndani nguo sita tu zinaning'inia, na dada mmoja amekaa anakuangalia kama vile umeingia na matope. Gauni moja pale ni mshahara mzima wa mama yangu kule kantini ya shule, na mkanda wake bado hujanunua.

Sasa basi, siku ya chakula cha uchumba, Solange alimshika mama mkono wa blauzi, akaupapasa kwa vidole viwili, akauliza kwa sauti tamu, "Na hii umeipata wapi, Godelieve?"

Ni hilo tu. Mama akajibu, "Dukani," halafu akanyamaza mpaka keki ikaisha. Tangu siku hiyo ametangaza kwamba pale manispaa, wakati wa kufunga ndoa, hatakaa mstari wa mbele na yule mwanamke. Atakaa wa tatu, pamoja na mashangazi, nyuma ya kofia ya shangazi Paula. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo upande wetu mstari wa mbele ni mama peke yake. Maana yake kiti kitupu. Roselien amelia wiki nzima. Juzi akanipigia simu, kamasi zinasikika kabisa.

"Jori, nakuomba. Mtafutie mama nguo. Nguo ya kweli. Akikaa nyuma mimi sisaini kitu, Thibaut atajioa mwenyewe."

"Kwa pesa gani, Roselien?"

"Anazo mia mbili. Kaweka kwenye bahasha."

Euro mia mbili kwa Reinhilde Stoops! Dukani ungepata kitambaa cha shingo, tena nusu. Ila bahati yetu ni mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa kumi na moja Antwerpen nzima iko kwenye foleni ya mauzo ya stoo. Wabunifu wanafungua maghala, mabaki ya msimu uliopita na sampuli zinamwagwa humo, na wewe unanunua kwa bei ya jumla kama mwenye duka. Wannes, niliyesoma naye chuo, sasa hivi anawapigia picha hao watu wa Reinhilde, akanitumia mwaliko. Ijumaa, saa nne asubuhi, ghala la zamani la matairi kule Borgerhout.

Nikampa mama maelekezo kwa simu. Taratibu, kama unavyomwelekeza mtu njia. Mama, hakuna vyumba vya kujaribia nguo. Kila mtu anajaribu hapo hapo alipo. Kwa hiyo vaa taiti na fulana ya kubana, juu yake kitu chepesi cha kuvua upesi. Ukiingia unanyakua kwanza, kufikiri baadaye. Halafu tunatafuta kona, tunamwaga rundo chini, tunachagua. Na kilicholipiwa hakirudi. Umeelewa? Ameelewa.

Leo asubuhi namkuta kwenye foleni. Sketi ya marinda. Blauzi yenye vifungo mpaka kidevuni. Stokingi. Na juu lile koti lake la rangi ya haradali alilolivaa tangu niko shule ya msingi.

"Mama. Taiti iko wapi?"

"Iko nyumbani, kabatini, pahala pake."

"Si tulikubaliana?"

"Wewe ulikubali. Mimi sivui nguo mbele za watu, Jorinde. Mara ya mwisho kuvua nguo mbele za watu nilikuwa nakuzaa wewe."

Foleni ikacheka. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli wa madoa akageuka. "Na ulimpata kwa bei ya jumla?"

"Bei kamili," mama akasema, "na harudishwi."

Wakacheka mpaka mwavuli ukatetemeka. Na hicho ndicho kinachoniudhi! Mama yangu na watu asiowajua ana mdomo mtamu balaa. Mweke mbele ya Solange, anakuwa kabati.

Mlango ukafunguliwa. Sijui niwaambieje. Mnakimbia, lakini kistaarabu, viwiko vimebana mbavuni, kila mtu anasema "samahani" huku anakukanyaga. Ndani kuna reli za nguo mpaka mwisho wa ghala, na kabla sijafika reli ya kwanza, wanawake wazima, wengine walimu wa chuo, nawajua, wameshabaki na fulana za ndani, wameshikilia makoti kwa meno. Mimi nikanyakua. Magauni, suruali, jaketi, chochote chenye umbo la mama. Nikapata kona nyuma ya nguzo, nikamwaga rundo.

"Kaa hapa. Juu yake kabisa. Naenda kuleta mengine. Usimpe mtu kitu, mama."

"Nimpe nani mimi?"

Nikaenda. Nikapigana na binti mmoja kuhusu gauni la bluu, nikashinda. Nikarudi. Rundo limebaki nusu.

"Mama! Jaketi la kijivu liko wapi?"

"Alikuja dada mmoja, kasema ndiyo saizi yake hasa."

"Na suruali nyeusi?"

"Yule mwingine ana mahojiano ya kazi Jumatatu, Jori. Maskini, na anatoka mbali, kule Gent."

"Na gauni la hariri? Lile la mikono mirefu?"

Mama akaangalia chini. "Aliliangalia sana. Nikaona aibu kulikalia."

Nilitaka kulia. Nilisimama pale na gauni la bluu mkononi, jasho linatiririka, na mama yangu mzazi amegeuka kituo cha misaada. Wale wanawake nao wameshamjua! Wanapita pita karibu na kona yetu, polepole, wanatabasamu, "Habari za asubuhi, mama," kama wanaenda kwa nyanya yao kuchukua peremende.

"Simama," nikamwambia. "Unavaa hili sasa hivi."

"Hapa?"

"Hapa."

"Kuna mwanamume pale."

"Yule ni mlinzi, mama, ameshaona kila kitu tangu saa nne, hata haangalii tena."

Tukabishana. Mwishowe nikafungua mtandio wangu nikaushika kama pazia, mikono imenyooka huku na huku, na mama akaanza na vifungo vya blauzi. Kimoja. Kimoja. Kimoja. Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Sketi akaikunja. Koti akaliweka juu ya sketi, vizuri, kama yuko hotelini. Halafu akaingia kwenye gauni la bluu, akafika kiunoni, akasimama.

"Limegoma."

"Vuta."

"Navuta. Walimpimia nani hili, mwavuli?"

Lilikuwa sampuli. Kosa langu, nakiri, sikuangalia. Sampuli zinashonwa kwa kipimo cha mwanamitindo, na mwanamitindo wa Reinhilde anaweza kupita chini ya mlango. Mama akajaribu kulitolea kichwani, mikono ikakwama juu, kichwa kikapotea ndani.

"Nyoosha mikono, mama."

"Nikinyoosha litachanika."

"Halichaniki."

"Jorinde," sauti ikatoka ndani ya gauni, tulivu kabisa, "mwanangu, ita zimamoto."

Yule wa mwavuli wa madoa akaja, akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalivuta likatoka, na nywele za mama zikasimama wima. Yule mwanamke akamwangalia mama, akaangalia alichokuwa amekishika kwenye mkono wake mwenyewe, akashusha pumzi.

"Haya, chukua hii," akasema. "Hii si sampuli, ni ya stoo kabisa, saizi ya watu. Mimi rangi ya kijani inanifanya mgonjwa. Na uliniachia jaketi la kijivu."

Ilikuwa suti. Kijani kibichi cha chupa, sketi inafika chini ya goti, jaketi limekatwa pana mabegani halafu linaingia kidogo kiunoni. Mama akavaa. Zipu ikapanda bila kelele. Tukaenda kwenye kioo, kioo ni kimoja tu ghala zima, kimeegemezwa ukutani na wanawake wanane wako ndani yake, na mama akasimama pembeni akisubiri zamu. Zamu ilipofika akasogea mbele. Akajigeuza upande. Akashusha mikono. Akaweka nywele sawa, polepole, na nikaona uso wake umefanya kile unachofanya akiwa jikoni peke yake, redio imewashwa.

"Kesho," nikasema, "mstari wa mbele."

"Bei?"

Nikageuza kikaratasi. Mia mbili na arobaini. Dukani ilikuwa mia tisa na kitu.

"Inazidi," mama akasema, akaanza kufungua kifungo.

"Ni arobaini tu! Nitaongeza mimi."

"Hutaongeza kitu. Wewe unakula mkate na jibini asubuhi mpaka usiku, unadhani sijui? Mia mbili nilisema, mia mbili. Nipe nguo zangu."

"Mama, Roselien amesema hatasaini!"

"Atasaini. Anampenda yule kijana. Mimi nitakaa nyuma na Paula, naona vizuri tu kutoka pale. Nipe nguo zangu, Jorinde."

Mnaona ninachopitia? Nguo ipo, mtu yupo, vimependana, na tumeshindwa na noti mbili za ishirini na kichwa kigumu kama jiwe la barabarani. Nikarudi kwenye kona nikiwa natukana kimya kimya. Sketi ya marinda ipo. Blauzi ipo, hakuna aliyeitaka. Viatu vipo.

Koti hakuna.

Nikainua rundo. Nikaangalia nyuma ya nguzo. Mama akaja na stokingi zake, na ile suti bado mwilini, akaangalia pia.

"Kulikuwa na nini mfukoni?"

"Mfuko wa ndani. Nimeufunga kwa pini. Funguo za nyumba. Kadi ya tramu. Na bahasha."

"Bahasha! Ya mia mbili?"

"Kwani kuna nyingine?"

Ndipo nilipoliona. Lilikuwa kaunta, rangi yake ya haradali haifichiki, linakunjwa na yule dada wa kaunta na kuingizwa kwenye mfuko wa karatasi. Lilikuwa chini sakafuni pamoja na rundo, mtu kalichukua, kalipenda, kalilipia. Mbele ya kaunta amesimama mwanamke ana miwani ya jua, kitambaa kichwani, taiti ya kijivu yenye tundu gotini, na soksi za sufu. Nikapiga hatua mbili. Mama akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Usiende."

"Nini?"

"Yule ni Solange."

Nikaangalia tena. Mungu wangu. Kile kidevu.

"Twende zetu," mama akanong'ona, na huku ananong'ona anajisukumiza kinyumenyume kwenye reli ya makoti ya mvua mpaka ikabaki miguu tu. "Asinione. Akiniona hapa, nimefia hapa."

"Mama, funguo za nyumba!"

"Tutavunja dirisha."

"Na bahasha?"

"Achukue. Atazitumia kwa maua."

Naapa kwa jina la chuo changu, nilikuwa tayari kumwacha humo kwenye makoti ya mvua mpaka msimu ujao. Lakini nikafikiria kiti kitupu, nikafikiria Roselien na kamasi zake, nikaenda.

"Solange," nikasema.

Aliruka. Miwani ikashuka puani. "Jorinde! Loo. Loo, mpenzi. Mimi, mimi nimemsindikiza tu rafiki."

"Rafiki yuko wapi?"

"Chooni."

Ana mifuko mitatu miguuni. Mifuko mitatu imejaa! Nikaiangalia. Naye akaiangalia. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akanishika kiwiko, akanivuta pembeni, akanisogeza mpaka kwenye reli ya makoti ya mvua, ile ile, akavua miwani. Macho mekundu, hana hata wanja, nikamwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu wa umri wa mama yangu.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Nakuomba. Kila kitu changu kinatoka hapa. Tangu talaka, miaka yote hii, hapa au kule kwa wenzake Reinhilde. Nyumba tu ndiyo ilibaki, na nyumba inakula pesa ya mafuta ya kupashia joto kama lori. Thibaut mwenyewe hajui. Anadhani mama yake ananunua kule dukani, penye dirisha kubwa."

Nyuma yake koti moja la mvua lilikuwa linapumua.

"Mama yako angenicheka," Solange akaendelea. "Yeye hahitaji. Ule usiku wa chakula alikuwa na blauzi moja, nikaishika, kitambaa kizuri sana. Nikamuuliza ameipata wapi, nilitaka kwenda kununua. Akanijibu 'dukani' kama amefunga mlango. Nikajua hanipendi. Tangu siku hiyo naogopa kukaa naye kesho, kwa kweli. Nimekuja kutafuta kitu cha kunipa moyo. Nimepata koti, hebu ngoja uone. Sampuli ya zamani ya Reinhilde, hata lebo haina. Aliyelikata alijua mwanamke ana mabega."

Mimi nimeuma midomo yangu yote miwili, nisicheke. Makoti ya mvua yakatengana. Mama akatoka. Suti ya kijani, stokingi bila viatu, nywele bado zimesimama tangu vita ya gauni la bluu.

"Mama yake hajasikia kitu," akasema. "Ila anaomba funguo zake."

Solange akawa mwekundu kuanzia shingoni. Mama naye mwekundu. Wakasimama pale wanatazamana, mmoja taiti ina tundu, mwingine hana viatu, na hakuna anayejua mikono aiweke wapi.

"Funguo gani?" Solange akasema, sauti ndogo.

"Za nyumba. Ziko kwenye koti. Mfuko wa ndani, zimefungwa kwa pini."

Solange akainama kwenye mfuko wa karatasi, akapapasa. Pini ikamchoma kidole. Akatoa funguo, kadi ya tramu, bahasha. Akavitazama mkononi mwake.

"Hili ni lako?"

"Ni la soko la Jumapili," mama akasema. "Jori alikuwa darasa la tano. Lebo nilikata, zinanikuna shingo. Nakata zote. Hata taulo."

Nilidhani hapo tumekwisha. Nilidhani Solange atazimia. Badala yake akatoa sauti kama birika linaloanza kuchemka, akashika tumbo, akacheka mpaka akakaa juu ya mifuko yake. Mama akajizuia, akajizuia, akashindwa. Watu wakageuka. Mlinzi naye, kwa mara ya kwanza leo, akatuangalia.

Mimi nikaenda kaunta, maana mtu mmoja lazima awe na akili. Dada wa kaunta ana miwani ya duara na kalamu kwenye nywele.

"Samahani, mmeuza koti la mama yangu. Lilikuwa lake, amelivua."

"Lile la haradali? Haiwezekani. Ile ni sampuli, haina lebo. Sampuli zetu hazina lebo."

"Haina lebo kwa sababu alikata yeye."

"Dada, mimi nafanya kazi hapa. Huo mkato ni wa Reinhilde."

"Huo mkato ni wa mzee mmoja aliyekuwa anauza makoti pembeni ya kuku hai, nilikuwepo, nilikula keki ya wafo!"

"Kilicholipiwa hakirudi," akasema, kama kanda.

"Sitaki kurudisha!" Solange akapaza sauti kutoka kwenye mifuko. "Mimi koti nalitaka!"

"Solange, usiwe mjinga," mama akasema. "Limelegea kwapani."

"Godelieve, lina mabega!"

Foleni nyuma yangu ikaanza. Hebu malizeni. Wengine tuna watoto shuleni. Mwingine akasema, huyo mama wa kijani ndiye aliyenipa suruali, mwacheni aseme. Na mimi, baada ya miaka minne ya chuo cha mawasiliano ambayo mpaka leo haijanipatia hata mkataba, nikapata sentensi moja nzuri.

"Basi sikiliza," nikamwambia yule dada. "Hamrudishi, sawa. Mlipokea ngapi kwa hilo koti?"

"Mia moja na ishirini, bei ya koti lolote la sampuli."

"Koti halikuwa lenu. Kwa hiyo hiyo mia na ishirini ni ya mama yangu. Naye anachukua suti aliyoivaa, mia mbili na arobaini. Toeni hiyo, yeye anaongeza inayobaki, na sisi tunatoka hapa."

Akanitazama. Akapiga simu. Akamwambia mtu kwenye simu kwamba kuna fujo, kuna mama hana viatu, kuna wengine wawili wanagombania koti. Akasikiliza. Akakata simu, akatoa kalamu kwenye nywele, akaandika juu ya kikaratasi cha bei bila kuniangalia.

"Lakini mkato," akasema, "ni wa Reinhilde."

Mama akalipa kutoka kwenye bahasha, akahesabu noti polepole mpaka nikataka kumnyang'anya, akaweka zilizobaki ndani, akaifunga bahasha kwa pini kwenye mfuko wa suti ya Reinhilde Stoops. Pini! Kwenye suti mpya!

Nje kulikuwa na manyunyu. Tukasimama chini ya paa la kibanda cha chipsi, kwa sababu Solange alisema hajala tangu jana na mama akasema hata yeye. Wakala kutoka kwenye koni moja kubwa ya karatasi, mayonezi pembeni, Solange amevaa koti la haradali, mama amevaa kijani. Mimi nimeshika mifuko mitano. Hakuna aliyenipa hata kiazi kimoja mpaka nikaomba.

"Ile blauzi," mama akasema, mdomo umejaa, "ni ya duka la nguo na vitambaa kule Deurne, lile linalofungwa. Vyote wanatoa nusu bei. Sikutaka kusema."

"Wanafunga lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Tutaenda Jumanne," Solange akasema.

Simu yangu ikalia. Roselien. Nikaipokea, nikaanza, "Roselien, huwezi kuamini..." Mama akaninyang'anya kwa vidole vya mafuta.

"Roselien, mwanangu. Nimepata. Nitakaa mbele. Sikiliza, vile viti viwili vya mbele, chetu na cha kina Thibaut, mwambie mtu wa manispaa avisogeze pamoja. Ndiyo, pamoja. Mimi na Solange. Usiulize. Nimesema usiulize! Na Paula mwambie avue hiyo kofia."

Akakata. Akanirudishia simu, ina mayonezi.

"Una viatu vya kuendana na hiyo?" Solange akamuuliza, anaangalia vile viatu vyeusi vya mama vya kantini.

"Sina."

"Kuna mauzo ya viatu karibu na bandari. Wanafunga saa kumi na mbili. Sampuli, lakini za viatu ni saizi thelathini na saba, wewe ni thelathini na saba?"

"Kamili."

Basi wakashikana mikono wakaondoka. Hawakuniuliza kama nimechoka. Mama aligeuka mara moja tu, kuniambia nisiburuze mifuko chini, kuna tope. Nimeburuzwa mimi mpaka bandarini, nimeshika mifuko, nimeshika viatu, nimemshikia Solange kitambaa chake cha kichwa, nimesimama kama reli ya nguo mpaka kumi na mbili kasoro, wao wanapimana visigino na kuambiana siri za saizi. Viatu wakapata. Vya kijani.

Halafu ndani ya tramu, mama ameegemea dirisha na viatu vyake mapajani, ananiangalia juu mpaka chini kwa lile jicho lake.

"Na wewe, Jorinde," akasema, "kesho unavaa nini?"